Maswali ya Wasomaji: Simu Mkononi mwa Mwanafunzi

Mwezi huu safu hii inajibu barua za wasomaji wa Dar es Salaam zinazohusu jambo moja, nalo ni simu janja mkononi mwa kijana ambaye bado yuko shuleni. Barua nyingi zilifanana, kwa hiyo nimechagua chache zinazobeba maswali ya wengine, na nimeondoa majina pamoja na kila kitu kinachoweza kumtambulisha aliyeandika. Barua ya tatu nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu kijana aliyeiandika yumo katika hatari, na kwa sababu naamini wapo wengine wenye siri kama yake ambao hawajathubutu kumwandikia mtu yeyote.

Nimnunulie binti simu, au nisimnunulie?

"Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala na ninajishughulisha na kupika na kuuza chakula. Binti yangu yuko Kidato cha Tatu katika shule ya kutwa. Mwalimu wake wa tuisheni hutuma maswali kwenye kundi la WhatsApp, na binti huyafanya kwa simu yangu usiku ninaporudi kutoka kwenye biashara. Anasema kwamba bila simu yake mwenyewe atafeli. Baba yake anasema kwamba simu ndiyo itakayomfelisha. Nimeshaweka akiba ya kununua simu iliyotumika Kariakoo, lakini moyo unasita. Nifanye nini?"

Dada yangu, ndani ya swali lako mna maswali mawili, na mvutano wako na mwenzio unatokana na kuyachanganya. La kwanza ni kama binti anahitaji simu ili asome. La pili ni kama anahitaji simu iliyo yake peke yake. Kwa la kwanza nakujibu ndiyo. Kwa la pili nakujibu kwamba bado.

Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ndiyo inayoandaa mitaala na vitabu vya kiada, ina maktaba mtandao ambamo vitabu hivyo husomwa bila malipo. Kwa binti ambaye darasani kwao kitabu kimoja husomwa na wanafunzi kadhaa kwa zamu, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kumpa simu kwa muda fulani kila siku. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo huweka kwenye tovuti yake fomati za mitihani na, jambo ambalo wazazi wengi hawalifahamu, taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo. Taarifa hizo huchukua swali moja moja la mtihani uliopita, zikaeleza ni sehemu gani ya watahiniwa waliolipata na ni sehemu gani waliolikosa, kisha zikaonyesha picha ya mwandiko wenyewe wa mtahiniwa aliyejibu vizuri na wa mwingine aliyeharibu, pamoja na maelezo ya alipoharibu. Mwanafunzi anayekaa na ukurasa mmoja wa namna hiyo, akaona kwa macho yake jinsi mwenzake alivyotakiwa kueleza sababu za jambo na yeye akaorodhesha matokeo yake, hujifunza kusoma swali kabla ya kulijibu. Zipo tuisheni katika jiji hili zinazotoza fedha kwa maelezo yasiyofikia nusu ya yale yaliyomo humo bure, na kila ninapolifikiria jambo hilo huwa nasikitika.

Kuhusu gharama, tofautisha kitabu na video. Kitabu kilichopakuliwa hula MB chache, tena hulipiwa mara moja tu, kwa kuwa kikishahifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu husomwa bila bando na huweza kurushwa kwenye simu ya mwanafunzi mwenzake bila intaneti. Video ya saa moja yenye ubora wa kawaida inaweza kumaliza MB mia kadhaa. Ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp uzime upakuaji wa picha na video unaojifanya wenyewe, kisha ingia YouTube uzime video zinazofuatana bila kuombwa. Ukifanya hayo mawili utaona bando lako likidumu zaidi, na binti naye hatakuwa akivutwa na video ambayo hakuitafuta.

Sasa nije kwa baba yake, ambaye ana hoja. Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 kuhusu teknolojia katika elimu ilieleza kwamba simu ikiwa karibu tu na mwanafunzi, huku ujumbe ukiingia, inatosha kumtoa kwenye kazi aliyokuwa akiifanya. Hapo ndipo panapoharibika masomo. Simu haimfelishi mtoto kwa kuwepo ndani ya nyumba. Humfelisha inapolala naye kitandani, inapolia akiwa katikati ya hesabu, na inapokuwa mali yake ya siri ambayo hakuna mkubwa anayejua kilichomo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba ununue simu, lakini iwe simu ya nyumbani ya kusomea, itakayotumiwa na binti na wadogo zake, wala usimkabidhi kama zawadi yake. Ichajiwe sebuleni usiku. Ikiwezekana isiwe na laini yake, itumie intaneti ya simu yako wewe ukiwapo. Ikilazimu kuwa na laini, kumbuka kwamba itasajiliwa kwa kitambulisho chako cha taifa na kwa alama zako za vidole, na chochote kitakachofanyika kwa namba hiyo kitaanza kuulizwa kwako. Ukipiga *106# utaziona laini zote zilizosajiliwa kwa jina lako, na ni vizuri kila mzazi alifanye hilo mara kwa mara. Huko Kariakoo usilipe kabla hujapiga *#06# kwenye simu unayoinunua ili upate namba yake ya utambulisho, ukaituma kwa ujumbe kwenda 15090 kuhakiki kama ni simu halali. Dai risiti, na hakikisha akaunti ya mwenye simu wa kwanza imeondolewa mbele yako.

Kanuni za simu hiyo wekeni pamoja, wewe, baba yake na binti mwenyewe, na ziwe zinajulikana kabla ya siku ya kwanza: saa za kusoma, saa ya kuirudisha sebuleni, programu zinazoruhusiwa. Namkumbusha baba kwamba TikTok, Instagram, Facebook na WhatsApp zenyewe zimeweka miaka 13 kuwa umri wa chini, kwa hiyo wadogo zake walio shule ya msingi wasifunguliwe akaunti hata kama watalia. Jambo moja nakuombeni msiliingize katika kanuni hizo, nalo ni tishio la kuinyang'anya simu siku binti atakapokuja kuwaambia kwamba ameona au amefanyiwa jambo baya huko mtandaoni. Sababu yake itaonekana katika barua ya tatu.

Insha zimekuwa nzuri ghafla

"Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari wilayani Temeke. Tangu mwaka jana insha za nyumbani za wanafunzi wangu zimekuwa na Kiingereza ambacho hata mimi siandiki. Najua kwamba wanatumia akili mnemba kwenye simu za kaka na dada zao. Nimeanza kuwapa sifuri, lakini wenzangu wanasema ninawaonea. Je, nina makosa?"

Mwalimu, hasira yako naielewa, lakini sifuri isiyo na ushahidi haina tofauti na kumhukumu mtu kwa sura. Programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba hukosea, na zinapokosea huweza kumhukumu mwanafunzi aliyekesha akiandika kwa mkono wake. Ipo njia nyepesi zaidi. Mwite mwanafunzi mezani, mfungulie insha yake, kisha muulize kwa nini vita vya Majimaji vilivyoanza Umatumbi mwaka 1905 vilifika hadi Ungoni, ikiwa ndivyo alivyoandika. Aliyesoma atakujibu hata kama Kiingereza chake kitakwama. Asiyesoma atakosa la kusema, na hapo alama zako zitakuwa na msingi ambao hata mzazi wake hatabishana nao.

Naomba utazame pia sababu iliyomfanya mwanafunzi wako akimbilie huko, kwa maana si wote wanaokwepa kazi. Wengi wanalijua jibu kwa Kiswahili. Wanaweza kukueleza habari za kodi, za mashamba ya pamba na za maji ya Kinjekitile kwa ufasaha unaokufurahisha, lakini ukiwaambia waandike kwa Kiingereza wanabaki na sentensi mbili zilizovunjika. Programu iliyowapa ukurasa mzima wa Kiingereza safi wameiona kuwa mkombozi wa aibu yao. Ukiwapa sifuri bila kuligusa hilo, utakuwa umewaadhibu kwa tatizo ambalo limewazidi wao na limekuzidi wewe.

Pamoja na hayo, waeleze chombo wanachokitumia kinavyofanya kazi, kwa sababu wengi wanadhani ni kitabu kinachoongea. Programu kama ChatGPT, iliyotolewa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, huandika kwa kukisia neno linaloelekea kufuata maneno yaliyotangulia, kutokana na maandishi mengi mno iliyofunzwa nayo. Mara nyingi haihakikishi inachokisema kabla ya kusema, ndiyo maana huweza kutaja tarehe isiyo ya kweli, au kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, kwa sauti ileile inayosemea ukweli. Kuhusu historia ya vijiji na makabila yetu, ambayo maandishi yake mtandaoni ni machache, hukosea zaidi. Jaribu kulifanya hilo kuwa somo: wape insha iliyoandikwa na akili mnemba kuhusu Majimaji, wape na kitabu cha kiada, wakae wawili wawili wakipigia mstari kila tarehe, kila jina na kila sababu ambayo kitabu hakiikubali. Watakuwa wanasoma historia kwa jicho kali kuliko walivyowahi kuisoma.

Nyumbani waruhusu waiombe iwaeleze jambo kwa Kiswahili, au iwaulize maswali nao wajibu. Insha yenyewe iandikwe darasani, kwa kalamu, mbele yako. Katika chumba cha mtihani wa taifa hakuna simu, na kijana ambaye hajazoea kutunga sentensi yake mwenyewe atalijua hilo siku ambayo hakuna wa kumsaidia. Kanuni za mwenye programu hiyo, kwa taarifa yako, zinataka mtumiaji awe na miaka 13 au zaidi, na aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya mzazi. Unaweza kulitaja jambo hilo katika kikao cha wazazi, kwa kuwa wengi wao hawajawahi kuombwa ruhusa hiyo.

"Silali usiku"

"Shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 16, niko Kidato cha Tatu, naishi Kinondoni. Mwezi uliopita msichana nisiyemjua aliniandikia Instagram. Tuliongea siku mbili, akaniomba tuhamie WhatsApp, akanitumia picha zake za faragha akaniomba na zangu. Nilimtumia. Hazikupita dakika nyingi akanitumia orodha ya marafiki zangu wote wa Instagram, wakiwemo binamu zangu na mwalimu mmoja, akasema nisipompa laki mbili atawatumia picha yangu. Nilimtumia elfu themanini, ambazo zilikuwa ada yangu ya tuisheni. Sasa anataka nyingine na ananipa saa chache chache. Baba alishasema kwamba akikuta upuuzi kwenye simu yangu ataivunja na kunirudisha kijijini. Silali usiku. Naomba mnisaidie."

Marahaba, mwanangu. Umefanya jambo la kishujaa kuandika, na kabla ya yote nataka ujue kwamba linalokupata linafahamika, lina jina la kosa mbele ya sheria, na mwenye kosa hilo ni huyo anayekutishia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 13, inakataza picha za ngono za watoto, na katika kifungu cha 23 inakataza kumtisha na kumsumbua mtu kwa njia ya mtandao. Ulichokifanya wewe ni kosa la kijana aliyemwamini mtu. Anachokifanya yeye ni jinai.

Yaelekea kabisa kwamba huyo si msichana. Wanaofanya kazi hii huiba picha za msichana fulani, huwaandikia vijana wengi kwa wakati mmoja, huwahamisha haraka kutoka kwenye mtandao wa kwanza kwenda kwenye mazungumzo ya siri, na orodha ya marafiki huichukua kwenye akaunti iliyoachwa wazi. Saa chache chache anazokupa zimekusudiwa kukufanya usipate nafasi ya kufikiri wala ya kuongea na mtu. Kwa hiyo la kwanza ni kwamba usimtumie fedha tena, hata shilingi mia tano. Elfu themanini uliyotuma haikununua ukimya wake; ilimwonyesha kwamba unaweza kulipa. Anayelipa mara ya pili huombwa mara ya tatu.

La pili, usifute mazungumzo. Yapige picha ya skrini yale maneno ya vitisho, namba ya simu anayoitumia, jina la akaunti yake kama lilivyoandikwa pale juu pamoja na alama zake zote, na ule ujumbe wa muamala wa elfu themanini wenye jina la aliyepokea, tarehe na saa. Kama namba iliyopokea fedha ni ya hapa nchini, basi imesajiliwa kwa kitambulisho na kwa alama za vidole, na huo ni uzi ambao polisi wanaweza kuufuata. Ukishahifadhi hayo, mripoti ndani ya Instagram na WhatsApp, kisha mzuie. Usimjibu tena, wala usimwombe huruma. Ifanye akaunti yako isionekane na watu usiowajua, na uifiche orodha ya marafiki zako.

La tatu ni la tahadhari. Picha yako yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata ndugu anayesema anataka kukusaidia, kwa kuwa kila anayeipokea na kuisambaza anaingia katika kosa lilelile na wewe unazidi kuumia. Kabla hujaifuta kwenye simu, ipo huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayoendeshwa na kituo kimoja cha Marekani kinachowalinda watoto. Huduma hiyo huigeuza picha kuwa msururu wa herufi na tarakimu ndani ya simu yako, na ni msururu huo tu unaopelekwa, picha haitoki. Mitandao iliyojiunga nayo, ikiwemo Instagram, Facebook na TikTok, huutumia msururu huo kuitambua nakala ya picha inapowekwa na kuiondoa. Haiwezi kuona kinachotumwa ndani ya mazungumzo ya siri kama ya WhatsApp, lakini inaufunga mlango mkubwa.

La nne ndilo gumu, na ndilo muhimu kuliko yote: mwambie mtu mzima mmoja leo. Ukimwogopa baba, anza na mama, shangazi, mjomba, au mwalimu unayemheshimu, naye akusindikize. Huna haja ya kueleza kila kitu kwa mpigo. Inatosha kusema, "Kuna mtu ananitishia kwenye simu na anadai fedha, nimekosea nikamtumia picha, nimeogopa, naomba unisaidie." Kama hakuna hata mmoja unayeweza kumwambia, piga namba 116, ambayo ni Huduma ya Simu kwa Mtoto, kupiga ni bure, hupokewa usiku na mchana, na wanaopokea wamezoea kuwasikiliza watoto. Kisha, ukiwa na mtu mzima huyo, nendeni kituo cha polisi mkaulize Dawati la Jinsia na Watoto. Mwonyesheni askari wa dawati vile vitisho kwenye simu yako mwenyewe. Na iwapo katika huko kukosa usingizi umeanza kufikiri kujidhuru, usisubiri kupambazuke: mwamshe aliye nyumbani, au piga 116 saa hiyohiyo. Aibu ya picha hupita. Wapo vijana waliofikwa na jambo hili ambao leo wanaendelea na masomo yao.

Sasa nageuka kwa wazazi, na hasa akina baba, kwa sababu barua hii imeniuma kwa jambo moja. Huyu kijana ameweza kumwandikia mhariri asiyemjua kabla ya kumwambia mtu anayelala naye nyumba moja. Baba yake hakukusudia hivyo. Alipotamka kwamba ataivunja simu alidhani anamlinda mwanawe na upuuzi, na pengine kwa siku za kawaida tishio hilo lilifanya kazi. Siku ya hatari ilipofika, tishio lilelile likawa silaha mikononi mwa mhalifu, kwa kuwa mhalifu wa namna hii hategemei picha. Anategemea hakika aliyonayo mtoto kwamba nyumbani kutakuwa kubaya kuliko huko nje. Kijana anayejua kwamba atasikilizwa kwanza, hata kama ataadhibiwa baadaye kwa kutumia ada ya tuisheni, hawezi kukamuliwa kwa muda mrefu.

Kwa hiyo naomba kila mzazi anayesoma hapa aseme jambo hili waziwazi kwa mwanawe kabla ya wiki hii kwisha, wakiwa mezani au wakiwa kwenye daladala, mahali popote ambapo si pa kesi: "Mtu yeyote akikutisha mtandaoni, hata kama wewe ndiye uliyeanza kukosea, njoo kwangu, simu sitaichukua na sitakupiga." Kisha siku atakapokuja, litimize. Utatamani kupaza sauti. Utataka kujua aliwaza nini. Maswali hayo yahifadhi mpaka vitisho vimekoma, ushahidi umehifadhiwa na mtoto amelala usingizi. Nawasihi pia wenye watoto wa kike wasidhani kwamba barua hii haiwahusu kwa kuwa imeandikwa na mvulana. Mabinti hutishiwa kwa njia hiyohiyo, wakati mwingine na mtu wanayemfahamu kabisa, aliyekuwa mpenzi au aliyeishika simu yao kwa muda, na wao huogopa zaidi kwa sababu jamii huwahukumu zaidi.

Wewe mwanangu wa Kinondoni, tutakapochapisha toleo hili utakuwa umeshapata jibu langu kwa njia uliyotuandikia, maana jambo lako lisingeweza kungoja.

Alama za watoto kwenye kundi la wazazi

"Katika kundi la WhatsApp la wazazi wa Darasa la Sita, mwalimu huweka orodha ya alama za watoto wote, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwanangu amekuwa wa mwisho mara mbili. Sasa watoto wa jirani wanamwita kwa namba aliyoshika, naye hataki tena kwenda shule. Je, mwalimu ana haki ya kufanya hivyo? Mzazi, Gongo la Mboto."

Hana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa zinazowahusu watoto katika kundi la taarifa nyeti, ambazo mwenye kuzikusanya hana ruhusa ya kuzitawanya apendavyo. Nadhani mwalimu hana nia mbaya. Anaendeleza desturi ya kubandika matokeo kwenye ubao wa matangazo, bila kutambua kwamba karatasi ya ubaoni huchanika, ilhali orodha ya WhatsApp inaweza kupigwa picha, ikatumwa mtaa mzima na kubaki humo kwa miaka. Baraza la Mitihani lenyewe liliacha mwaka 2023 kutangaza shule bora na wanafunzi bora wa kitaifa, na sioni kwa nini darasa la watoto wadogo liendelee kumtangaza wa mwisho.

Usilianzishe jambo hili ndani ya kundi, kwa sababu mwalimu atajiona amevuliwa nguo mbele ya wazazi na atashupaa. Mwone ana kwa ana, mweleze kilichompata mwanao, kisha mwombe mambo mawili: aifute ile orodha, na kuanzia muhula huu kila mzazi atumiwe alama za mwanawe peke yake. Akisema kwamba kazi hiyo ni kubwa, mpendekezee awape watoto namba za siri zinazojulikana na mzazi husika tu. Asipokubali, muandikie mwalimu mkuu na nakala uipe kamati ya shule. Ikishindikana huko, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Wakati hayo yakiendelea, waombe majirani kwa upole wazungumze na watoto wao, na uziangalie mwenyewe karatasi za mitihani za mwanao pamoja naye, somo baada ya somo, ili mjue kama kinachomshinda ni hesabu, kusoma, au kuona ubao.